Kipusa, Viroboto na Arobaini ya Zuhura

Siku hizi nasinzia sana mchana. Mkipita kwangu Mbwawa baada ya adhuhuri mtanikuta barazani, kiti kimeegemea ukuta, mdomo uko wazi, na naomba msinicheke. Mtu aliyefanya kazi ya mifugo maisha yake yote akilala hafuatwi na watu, anafuatwa na wanyama. Nikifumba macho kidogo tu naona ng'ombe wa Magindu wanashuka joshoni mmoja mmoja, pembe zinaelea juu ya maji, na hakuna sauti yoyote. Kisha anakuja paka mmoja mweupe mwenye madoa ya rangi ya chungwa, anakaa pembeni na kuanza kujilamba bila haraka. Huyo ndiye ninayetaka kuwaeleza habari zake, ila mtanivumilia, maana kichwa changu sasa hakiendi kwa foleni.

Mmekuwa mkinijia kwa makundi mawili. Kuna nyie mliosomea mifugo, mna buti mpya na simu zenye vipimo vya dozi. Na kuna nyie vijana wa mtaa wa Picha ya Ndege mnaofuga paka ndani, mnawapiga picha na kuwapa majina ya wachezaji, halafu kiroboto mmoja akiruka juu ya kochi mnanipigia kana kwamba nyumba inaungua. Nitawajibu wote pamoja. Wa kundi la kwanza msiseme paka si kazi yenu, kwa sababu hata mimi nilisema hivyo.

Nilipoanza kazi walikuwa wakiniita Bibi Mifugo, nami nilikuwa msichana mwembamba ambaye hata ndama alinisukuma. Wakati huo paka hakuwa mnyama wa ofisini. Tulishughulika na ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Paka alikuwa mali ya jikoni, anajitafutia mwenyewe, akiugua anapona au anapotea. Mwananchi akija na paka kwenye kikapu, wenzangu walikuwa wanatazamana na kutabasamu. Mzee Mkude hakutabasamu. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi pale joshoni, mtu mrefu mwenye miguu myembamba, aliyenukia dawa ya ng'ombe hata Jumapili kanisani, akikaa benchi peke yake kwa sababu hiyo hiyo.

Siku moja kijana mmoja mchunga ng'ombe alitaka kumtumbukiza paka wake joshoni baada ya ng'ombe kwisha. Aliona ni akili nzuri: dawa ipo, paka ana viroboto, kwa nini ipotee bure. Mzee Mkude alimshika mkono, akamkalisha kwenye ukingo wa saruji, akamwambia amtazame yule paka kwa muda. Tukakaa wote tukitazama. Jua lilikuwa linateremka, vumbi la ng'ombe limebaki hewani, na paka alikuwa anajilamba mguu, kisha ubavu, kisha mkia, kisha anaanza tena mguu.

"Ng'ombe hujilamba kidogo," mzee akasema. "Mbwa hujilamba panapomuuma. Huyu hujilamba mwili mzima, kila siku. Chochote unachomwekea juu ya manyoya, hesabu umemwekea kwenye sahani."

Wanangu, mkisahau yote nitakayosema leo, sentensi hiyo msiisahau. Niliibeba kazini hadi nikastaafu, na imeokoa paka wengi kuliko sindano zangu. Mafuta ya taa, maji ya tumbaku, dawa ya kunyunyizia mbu, unga wa kuulia wadudu wa mahindi, vyote nimeviona vikipakwa paka na watu wenye huruma kabisa. Mtu katili hamsumbui paka wake kwa viroboto. Ni yule anayempenda ndiye anayemtilia sumu kwa mikono yake miwili, huku akimbembeleza.

Kuna mwalimu mmoja wa Picha ya Ndege, mama wa watu, mpole kuliko wanafunzi wake, aliyenunua dawa ya matone ya mbwa. Ya paka ilikuwa imekwisha dukani, akaona atumie nusu. Akilini mwake paka ni mbwa mdogo. Sivyo. Katika dawa nyingi za mbwa mna kitu kinachoitwa permetrini, na mwili wa paka haujui kukivunja. Mbwa anapewa, anatikisa masikio, anaenda zake. Paka anapewa kidogo tu, anaanza kutetemeka na kushikwa na degedege. Wa yule mwalimu alipona kwa sababu mwalimu alikimbia upesi. Kwa hiyo someni kibandiko. Kama hakikutaja paka, hiyo si dawa ya paka, hata muuzaji akiapa.

Basi sasa nije kwa yule mweupe mwenye madoa.

Aliitwa Kipusa, na alikuwa wa Bi Mwantumu wa Kisarawe. Kazi yangu ya miaka ya mwisho ilikuwa inanipeleka huko mara kwa mara, na napenda kukiri kwamba Kisarawe ya asubuhi ilikuwa inanilegeza. Ukungu unakaa chini ya mikorosho mpaka watu wamekwisha kunywa chai, moshi wa majiko unapanda na kuchanganyika nao, na mtu anayekuja mbele yako unamsikia salamu kabla hujamwona. Ukifika nyumbani kwa mtu unakuwa bado hujaamka vizuri. Bi Mwantumu alikuwa na nyumba ya udongo yenye bati jipya kwenye barabara ya kuteremkia bondeni. Alikuwa mjane, macho yameanza kupungua nguvu, mikono bado imara ya kusuka ukili. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zuhura, ambaye ndiye aliyemwokota Kipusa akiwa kitoto. Zuhura alipoolewa na kwenda Kibaha alimwachia mama yake yule paka, akamwambia, huyu atakuangalia.

Na alimwangalia kweli. Mama akitandika mkeka wa kuswalia, paka anakaa kando. Mama akichota maji ya udhu, paka anakunywa kidogo kwenye kopo, na mama anaendelea kutawadha bila wasiwasi, kwani paka si najisi. Mama akimaliza anaongea naye. Nimewahi kusimama nje ya mlango nikidhani ana mgeni.

Sasa Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza, mnajua, mtoto wa kike hurudi kwa mama yake. Akishajifungua anakaa huko arobaini, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, anafundishwa kumwogesha mtoto. Bi Mwantumu alikuwa ameshatenga chumba. Alikuwa ameshashona mito midogo ya sufi. Nilipompitia mwezi mmoja na nusu kabla, nilijua nitakuta furaha tupu.

Nilikuta mama amekaa chini uani, paka yuko mapajani mwake, amelowa chapachapa, mate yanamchuruzika. Pembeni amesimama kaka yake, Mzee Shomari, mfuga mbuzi, na ndoo mkononi. Harufu ya ile ndoo niliijua kabla sijafika. Ilikuwa ya Mzee Mkude akiwa kanisani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Viroboto walikuwa wameijaa nyumba. Hamisi, mume wa Zuhura, fundi pikipiki pale Kibaha, alikuwa amekuja wiki iliyopita kuleta mchele, akatoka na miguu imejaa vipele. Ila Hamisi ni mkwe, na kwa wenyeji wa huku mkwe wa kweli hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Anageuza bega, anakaa mbali, na neno lake linapita kwa mtu wa kati. Mtu wa kati alikuwa Mzee Shomari. Na Mzee Shomari alilifikisha neno kwa dada yake hivi: mkwe amesema paka akiwepo, mke wake na mtoto hawaji.

Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akatafuta njia ya kumwokoa paka. Alikuwa amewaogesha mbuzi wake jana yake, dawa ikabaki. Akamtumbukiza Kipusa kama anavyomtumbukiza mwanambuzi.

"Mbuzi wote wazima," akaniambia, na sauti yake ilikuwa inaomba nikubali. "Mbona huyu anatetemeka?"

Nilimchukua paka mapajani mwa mama. Hapa vijana wa kundi la kwanza na la pili, nisikilizeni kwa masikio yote. Paka aliyetiwa dawa isiyo yake aoshwe mara moja, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, mara mbili au tatu mpaka manyoya yasiteleze. Maji ya moto yanaifungulia dawa ngozi, na maji ya baridi yanamshusha joto mnyama ambaye tayari anazimika. Ukimaliza mkaushe, mfunge kwenye khanga kavu, apate joto, kisha mbio kwa daktari wa mifugo, na ile chupa ya dawa uibebe ili aisome. Usimnyweshe maziwa. Watu wetu wanaamini maziwa yanakata kila sumu, lakini paka anayetetemeka hamezi vizuri, maziwa yanaingia mapafuni, na hapo umemwongezea mauti ya pili. Usimtapishe pia.

Tulifanya hivyo. Mzee Shomari mwenyewe alichota maji. Daktari alimchoma sindano, akakaa naye mpaka kesho yake, na Kipusa akarudi nyumbani amekonda, macho makubwa, anatembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Bi Mwantumu alimpokea. Alimfunika upande wa khanga yake akaendelea kusuka ukili, na mimi nikageuka nikatazama mikorosho, maana machozi yalikuwa yananijia na nilikuwa nimevaa sare ya kazi.

Sasa viroboto. Watu wakiona kiroboto juu ya paka wanadhani wamemwona mwenye nyumba, kumbe wamemwona abiria. Wengi wao hawako kwenye paka. Wako kwenye mikeka, kwenye nyufa za sakafu, kwenye godoro, kwenye vumbi la chini ya kitanda: mayai, mabuu yao madogo meupe, na wale waliojifungia kwenye vifuko vyao, wamelala, wanasubiri kusikia nyayo. Wanaweza kulala hivyo wiki nyingi. Nyumba ikiachwa tupu, siku mtu akirudi na kukanyaga chumba, wanaamka wote. Mimi niliwahi kuota hilo, nyumba nzima inapumua polepole chini ya miguu yangu, na mpaka leo sipendi kuikumbuka ndoto ile.

Kwa hiyo nilimwomba Mzee Shomari soksi nyeupe. Alikuwa nazo, ndefu, za siku za mpira wa ujana wake. Nikazivaa nikatembea chumba kwa chumba polepole, kisha nikatoka mwangani kuzitazama. Sebuleni, viroboto wachache. Chumba cha mtoto, wachache. Jikoni, wawili watatu. Nikashangaa kwamba nyumba hii inasingiziwa. Ndipo Kipusa, bado dhaifu, akanipita miguuni na kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye banda la mbuzi wa Mzee Shomari lililopakana na ukuta wa chumba cha mtoto. Ndiko alikokuwa akiwinda panya kila siku. Nikamfuata. Nilisimama bandani kwa muda mfupi tu, na nilipotoka soksi zilikuwa zimebadilika rangi mpaka magotini.

Mzee Shomari alizitazama zile soksi zake. Kisha akawatazama mbuzi wake. Kisha akakaa chini juu ya kinu.

Si kosa la ajabu, wanangu, ila ni la kwetu. Wanyama tunawaweka karibu na ukuta kwa kuogopa wezi, samadi inarundikana chini yao ikiwa na joto na unyevu, na kiroboto wa paka hana ubaguzi wa dini. Anamkalia mbuzi, mbwa, paka na mtoto vilevile. Unamwogesha mbuzi juu, huku chini ya kwato zake panaanguliwa wengine. Kwa hiyo tulianzia huko. Mzee Shomari alilihamisha banda mbali na nyumba. Aliikomba samadi yote, akaianika juani kabla ya kuipeleka shambani kwa mihogo, na mbuzi wakapewa dawa tena kwa kipimo chao, kwenye uzio wao, paka akiwa amefungiwa ndani.

Nyumbani tulipiga kazi ya ufagio na jua. Godoro la sufi likatolewa uani asubuhi na kugeuzwa mchana. Mikeka ikakung'utwa na kuanikwa. Khanga, mashuka na kitambaa anacholalia Kipusa vilichemshwa. Nyufa za sakafu Bi Mwantumu alizikandika kwa udongo mpya, anapapasa kwa vidole pale macho yasipofika, na kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mwenye macho. Kufagia kulikuwa kila siku, chini ya kitanda na kwenye pembe, na takataka zinachomwa, haziachwi nyuma ya mlango. Kwenye chumba cha mtoto nilikataza dawa yoyote ya kunyunyizia. Mtoto mchanga anapumua kilichopo, hachagui.

Na Kipusa mwenyewe nilimfundisha mama kumchana. Chanuo la chawa lile lenye meno ya karibu, kitambaa cheupe kilicholowa, bakuli la maji yenye sabuni. Unachana taratibu, unakung'uta kwenye kitambaa. Ukiona punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na punje ile ikiacha alama nyekundu kwenye unyevu, hiyo ni damu ya paka wako iliyopitia tumboni mwa kiroboto. Kiroboto mwenyewe mtumbukize kwenye sabuni, hawezi kuruka tena. Usimpasue kwa kucha. Vitoto vya paka ambavyo bado vinanyonya ni chanuo peke yake, dawa havipewi mpaka daktari aseme; mkiona fizi zao zimekuwa nyeupe, damu imekwisha, msingoje kesho. Na mkiona chini ya mkia vipande kama punje za mchele, ni minyoo, tegu, ambao paka huwapata kwa kumeza viroboto, basi naye atibiwe.

Kipusa alipopata nguvu, daktari akamwekea matone ya paka, ya uzito wake, nyuma ya shingo, amegawanya manyoya mpaka ngozi ikaonekana, mahali ambapo ulimi haufiki. Mnaona werevu wake? Kila kitu kinarudi kwenye ile sahani ya Mzee Mkude.

Zuhura alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya kuletwa nyumbani nilialikwa, nikafika mapema na sabuni za mtoto. Nyumba ilikuwa inanukia udongo mbichi na udi. Nilivaa zile soksi, nikapita kila chumba, zikatoka nyeupe. Nikamtafuta Kipusa nimwoneshe, kwa utani.

"Nimemtoa," Bi Mwantumu akasema.

Alikuwa amempa mwenye pikipiki ya mkaa aendaye Kibaha, ndani ya kiroba, alfajiri ile. Watu wetu hawaui paka, wanaogopa nuksi. Wanamtia kwenye kiroba na kumwacha mbali, penye chakula, ili dhambi igawanywe. Ndiyo maana mashine za kusaga za huku Mbwawa, Kibaha, zina paka wa kila rangi. Nilimuuliza kwa nini, wakati nyumba ni safi, paka ni safi, hakuna hata kiroboto mmoja. Nilimuuliza kwa hasira, na sikuficha. Aliinamisha uso akaniambia kwamba yeye ana mtoto mmoja na sasa ana mjukuu mmoja, na neno la mkwe hakulisikia kwa masikio yake, kwa hiyo hakujua lina ukubwa gani. Akaona bora alikadirie kubwa.

Wakafika. Zuhura aliingia polepole, amejitanda, mtoto akalazwa mapajani mwa bibi yake, na yule mama akapapasa kile kiuso kwa kidole kimoja, nyusi, pua, kidevu. Hamisi alibaki kizingitini, bega kalielekeza ndani na macho nje, kama mkwe anavyotakiwa. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka Zuhura alipotazama chini ya kitanda, kisha nyuma ya mlango.

"Mama, Kipusa yuko wapi?"

Mzee Shomari alikohoa. Zuhura aliuliza mara ya pili, na mama yake akalieleza lile neno, kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Zuhura hakuwa analijua kabisa. Alimgeukia mumewe, akaanza kulia, na mtoto naye akalia.

Hamisi alikuwa anatazama mikorosho. Alizungumza na mimi, kwa sababu mimi nilikuwa katikati yao. "Bibi Mifugo, mwambie mama sikusema hivyo. Nilimwambia mjomba viroboto wananitia wasiwasi, na paka aangaliwe. Sikusema Zuhura haji."

Mama alikuwa umbali wa mkeka mmoja, anasikia kila neno. Hata hivyo alinijibu mimi. "Mwambie mwanangu nimesikia. Mwambie sina kinyongo."

Nilisimama pale nikipitisha maneno ambayo yalikuwa yamekwisha kufika, na nilijisikia mjinga na mwenye huzuni. Heshima ni kitu kizuri. Lakini siku ile niliona jinsi neno linavyoweza kuongezeka uzito likipita mkono hadi mkono, mpaka anayelipokea mwisho anavunjika. Hamisi alishika kofia yake ngumu, akauliza yule mwenye pikipiki ya mkaa anaitwa nani, akaondoka bila kunywa chai.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa amezunguka mashine mbili za kusaga na kuona paka wengi, ila hakumjua Kipusa kwa sura, kwa sababu kila alipokwenda ukweni alikaa nje. Tukaenda pamoja. Kwenye mashine ya tatu, kwenye vumbi jeupe la unga lililotulia juu ya kila kitu, magunia, mizani, kope za wasagaji, kulikuwa na paka wanane hivi, wote weupe kwa unga, wote wanafanana. Nilisimama nikahisi nimo kwenye ndoto zangu za mchana. Nilitandika khanga chini, nikakaa, nikaita kwa jina, si kwa sauti kubwa. Mmoja akasimama. Alijikung'uta, unga ukaruka, na madoa ya rangi ya chungwa yakaonekana.

Nilimpakata kwenye kikapu nyuma ya pikipiki, njia yote ya vumbi mpaka Kisarawe. Ukungu ulikuwa haujaondoka kule juu. Mkono wangu ulikuwa ndani ya kikapu na nilikuwa nimekwisha kujua, kwa vidole tu, kwamba usiku mmoja wa mashineni ulikuwa umetosha. Alikuwa na wageni wapya. Nikamwambia Hamisi kwamba hawezi kuingia ndani kwenye mtoto namna hii. Matone yake yangewaua hao taratibu, lakini chumba kile hakiwezi kungoja.

Tulipofika Hamisi alisimamisha pikipiki, akachukua kikapu kutoka kwangu, akauliza chanuo liko wapi. Alikaa kizingitini, paka mapajani, bakuli la sabuni kando, akaanza kuchana, ovyo, kutoka mkiani kwenda juu, kama anasugua mnyororo wa pikipiki. Kipusa alinung'unika. Mimi nilikuwa nakwenda kumwelekeza.

Bi Mwantumu alitoka chumbani na mtoto begani. Alisikiliza lile chanuo kidogo, akitambua kwa sauti tu kwamba linakwenda vibaya. Mzee Shomari alikuwepo, nilikuwepo mimi, tulikuwa watu wa kati wawili wazima. Alitupita sote. Akakaa chini kwenye kizingiti kilekile, karibu kabisa na mkwe wake, akanyoosha mkono wake mmoja, akaushika mkono wa Hamisi ulioshika chanuo na kuusogeza mbele.

"Anza shingoni, mwanangu," akamwambia. "Ndiko wanakokimbilia."

"Ndiyo, mama," Hamisi akajibu, na hakugeuza bega.